Kabla ya Kujenga, Tupime: Utafiti na Miradi ya Sharika Zetu

(Hotuba iliyotolewa na ofisi ya miradi ya dayosisi mbele ya kamati za miradi za sharika, Buhongwa, Mwanza)



 Tumeombwa tuzungumze juu ya utafiti, na tunafahamu kwamba neno hili halina marafiki wengi katika kamati zetu. Tunapotembelea sharika huwa tunaulizwa, "Jamani, hela za kwenda kuuliza watu maswali si zingetosha kuezeka darasa?" Wengine wanalalamika kwamba watafiti huja na karatasi zao, huuliza mpaka idadi ya kuku, kisha huondoka na hawaonekani tena. Malalamiko yote mawili yana haki yake, na leo tutajitahidi kuyajibu.

Lakini tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka ya nyuma ofisi yetu iliendesha semina za vijana na za vikundi vya akina mama. Tukaandika taarifa nzuri yenye idadi ya semina, idadi ya washiriki na picha za pamoja. Mfadhili mmoja akatuuliza kwa upole, "Baada ya semina hizi, kitu gani kimebadilika nyumbani kwa watu hawa?" Tulipekua mafaili tukakuta sahihi za mahudhurio na risiti za chakula. Jibu hatukuwa nalo. Hatukuwa tumepima chochote kabla ya kuanza, kwa hiyo hatukujua tulikotoka wala tulikofika.

Aibu ile ndiyo iliyotufanya tuanze kuuliza watafiti wanafanyaje kazi yao. Tuligundua kwamba tumezungukwa nao. Nyegezi, hapa jirani, kuna mafunzo na utafiti wa uvuvi, na upande wa Malimbe kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Bugando wanafundishwa madaktari. Misungwi kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, ambacho wakulima wa pamba wanakifahamu hata kama hawajakanyaga pale, kwa sababu herufi UK katika mbegu kama UK 77 na UK 91 ni za jina Ukiriguru. Mbegu hizo zilichaguliwa msimu baada ya msimu, na waliozichagua walilazimika kuwa na subira.

Utafiti, basi, una aina nyingi, na kila aina inajibu swali la namna yake. Tutaje michache iliyofanyika karibu nasi na katika nchi yetu.

Kuhesabu mapema

Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walianza kuwachunguza furu katika Ghuba ya Mwanza. Walivua, wakahesabu na kuandika aina moja baada ya nyingine. Sangara alikuwa amekwisha kupandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, lakini kwetu alikuwa bado hajajaa. Katika miaka ya 1980 akajaa, na furu wakapungua mno wavuni. Kwa kuwa hesabu ilianza mapema, wataalamu waliweza kukadiria kwamba aina zipatazo 200 za furu huenda zilitoweka ziwani. Waliweza pia kutambua, kuanzia miaka ya 1990, kwamba baadhi ya furu walianza kurudi.

Bila daftari zile tungebaki na maneno ya wazee wetu kwamba zamani furu walikuwa wengi. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayasemi ni aina zipi, zilikuwa ngapi, wala zilianza kupotea lini. Anayetaka kujua alichopoteza, au alichopata, ahesabu kabla.

Kulinganisha

Kati ya mwaka 1991 na 1994, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF na chuo cha tiba za kitropiki cha London walifanya utafiti katika jumuiya 12 za vijijini mkoani Mwanza. Swali lao lilikuwa hili: je, tukitibu vizuri magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya vya kawaida, maambukizi ya VVU yatapungua? Katika jumuiya sita watumishi wa afya walifundishwa, dawa zikahakikishwa kupatikana, na watu wakahimizwa kwenda kutibiwa. Jumuiya nyingine sita ziliendelea na huduma zilizokuwapo. Baada ya miaka miwili, katika zile sita za kwanza walioambukizwa upya walikuwa kama 12 kwa kila watu 1,000. Katika zile nyingine walikuwa kama 19. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 na yakasomwa dunia nzima.

Wapendwa, jambo hili si geni katika Maandiko. Mnakumbuka Danieli na wenzake pale Babeli. Walimwomba msimamizi awajaribu siku kumi kwa mboga na maji, kisha alinganishe nyuso zao na za vijana waliokula chakula cha mfalme. Kulikuwa na muda uliopangwa na kundi la kulinganisha, na msimamizi alikubali kufuata atakachokiona.

Lakini tuwe waangalifu. Ng'ambo ya ziwa, huko Rakai nchini Uganda, watafiti walijaribu njia nyingine ya kutibu magonjwa hayo hayo, yaani kuwapa dawa watu wote kwa vipindi, wenye dalili na wasio na dalili. Matokeo yao ya mwaka 1999 hayakuonyesha kupungua kwa maambukizi ya VVU. Wataalamu walijadiliana kwa miaka kuhusu sababu ya tofauti hiyo. Hapo tunajifunza kwamba kilichofaa mahali pamoja, kwa njia moja na wakati mmoja, hakifai kubebwa tu kama mzigo wa dagaa na kushushwa kwingine.

Matokeo yasiyopendeza

Hapa Mwanza ulifanyika pia utafiti wa MEMA kwa Vijana katika jumuiya 20, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Walimu wa shule za msingi walifundishwa kutoa elimu ya afya ya uzazi, na vituo vya afya viliandaliwa kuwapokea vijana. Mwaka 2007 na 2008 walipimwa vijana karibu 14,000. Waliopata elimu ile walikuwa na ufahamu zaidi. Lakini VVU havikuwa vimepungua miongoni mwao kuliko kwa wenzao. Ilidhihirika kwamba elimu ya darasani peke yake haitoshi, kama nyumba na jamii inayomzunguka kijana haikubadilika.

Tulipousoma utafiti huo tulinyamaza kimya, maana semina zetu za vijana zilikuwa za namna ile ile. Tunawaheshimu sana waliotangaza matokeo hayo bila kuyaficha. Wametuokoa tusiendelee kutumia sadaka za watu kwa matumaini peke yake.

Katika shule, utafiti mkubwa wa mwaka 2013 na 2014 ulihusisha shule za msingi 350 katika wilaya 10 za Tanzania. Baadhi ya shule zilipewa ruzuku, baadhi walimu wao waliahidiwa bakshishi kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio, na baadhi zilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua alama za watoto. Zile zilizopata vyote viwili ndizo zilizoonyesha maendeleo ya wazi. Sharika zinazonunulia shule vitabu na madawati zitafakari hapo.

Na katika biashara, huko Dar es Salaam watafiti waliwafuatilia wafanyabiashara wadogo waliokuwa wateja wa PRIDE. Wengine walipewa mafunzo ya biashara, wengine fedha, wengine vyote. Fedha ile haikubadilisha sana biashara. Mafunzo yaliwasaidia zaidi wanaume, na kwa wanawake faida ilikuwa ndogo. Vikundi vyetu vingi ni vya akina mama. Je, tumewahi kuwauliza ni kitu gani nyumbani kinawazuia kutumia walichofundishwa?

Haki ya anayeulizwa

Sasa turudi kwa wale wanaolalamika kwamba watafiti hawarudi. Mtu anayeombwa majibu au damu yake ana haki ya kuelezwa sababu, ana haki ya kukataa bila kuadhibiwa, na siri zake zitunzwe. Utafiti wa afya ya binadamu unahitaji kibali cha maadili, na mtafiti wa kigeni anahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mgeni akija usharikani kwenu, mwombeni kibali kwa heshima kabla hamjamtangaza ibadani. Mwulizeni pia lini atarudi kuwasomea matokeo.

Na sisi wa ofisi ya miradi tujifunge kwa sheria hiyo hiyo. Tukihesabu kaya zenu, tutarudi kuwasomea tulichokiona, hata kama ni habari ya kutuaibisha.

Tunachowaomba

Mradi wetu ujao wa vikundi vya akina mama na watoto wa shule hautawafikia wote mwaka huu. Tunaomba kamati zikubali kwamba katika kila shilingi 100 ya mradi, shilingi 5 zitengwe kwa kupima. Tunajua shilingi hizo zitatoka kwenye mabati na madaftari, na tunajua mtakaporudi nyumbani mtaulizwa ziko wapi. Kwa shilingi hizo tutapima kabla ya kuanza, tutapima baada ya mwaka mmoja, na tutazitembelea pia sharika ambazo mradi utachelewa kufika ili tuweze kulinganisha. Kwa wafadhili wetu tunaomba jambo moja: tukiwaletea taarifa kwamba sehemu fulani haikufaulu, msitupunguzie imani kwa kusema kweli.

Kila kamati ikirudi nyumbani ijiulize maswali matatu. Tunataka kitu gani kibadilike? Tutakijuaje kimebadilika? Na tukiona hakikubadilika, tutakuwa tayari kuacha? Swali la tatu ndilo gumu, na ndilo tunaloomba mlijadili kwa muda mrefu kuliko yote.

Bwana Yesu alituambia habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba kwanza huketi na kuhesabu gharama. Tuketi, tuhesabu, kisha tujenge.