Seremala wa Mwanza

Leo mfikirieni fundi seremala mmoja wa Mwanza.

Asubuhi mtu amemletea fedha taslimu, ataka viti sita kesho kutwa. Fundi amezigusa mbao zake za mninga: bado mbichi. Amekataa, ingawa kodi ya chumba haijalipwa. Mbao mbichi husinyaa zikikauka, na miguu ya kiti hulegea.

Mchana anakula ugali wa muhogo na sato wa kubanika, aliyemnunua mwaloni Kirumba. Anakula polepole, kwa kuwa sato ana miiba.

Kisha anashika randa na kuimba wimbo wa bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma. Mkono unaufuata wimbo. (Sauti yake si nzuri sana, lakini randa hailalamiki.)

Jumapili huenda Bujora, huko Kisesa, penye makumbusho ya Wasukuma. Nyumba ya ngoma za watemi imejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Wenzake hutazama ngoma. Yeye huizunguka nyumba, akitazama kiti.

Sasa chukueni kalamu, mwandike: mninga, randa, mwalo.