Mvuke wa Mabomba ya Plastiki
(Matini ya mazungumzo kwa watumishi na wananchi)



Fundi atakaye kupinda bomba la maji aghalabu huliweka juu ya moto wa vifuu hadi lilainike. Bomba hilo ni la plastiki iitwayo PVC, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini. Hulainika kwenye nyuzi joto 80 hivi za Selsiasi. Likipita 200 huanza kuharibika na kutoa gesi ya haidrojeni kloridi. Gesi hiyo haina rangi, nayo ikikutana na unyevu wa macho na koo hugeuka asidi. Ndiyo maana fundi hutokwa na machozi na kukohoa. Bomba likishageuka kahawia, gesi imekwisha kutoka. Kitambaa puani, walichokizoea wengi, hakiizuii.

Maji yanayochemka hayazidi nyuzi 100, nayo yatosha kulainisha bomba jembamba. Bomba nene heri litiwe kiungo cha kununua.

Wakuu wa karakana wanaombwa kuusimamia utaratibu huu. Aidha, vipande vilivyobaki visichomwe jaani, wala visiwashiwe mkaa: moshi wake waweza kuwa na daioksini, sumu ikaayo mwilini miaka mingi.