HERI KWA WATU WALIO NJIANI

(Maneno yaliyosemwa mjini Bujumbura katika sala ya kuwakumbuka marehemu wa Gatumba, tarehe 13 Agosti. Kamati imeyachapa katika toleo hili la kumbukumbu kwa ombi la watu waliokuwepo, na kwa ajili ya wale walioko kambini ambao hawakupata njia ya kufika.)



Nimeombwa kusema juu ya Heri, yaani yale maneno ambayo Yesu alianza nayo mahubiri yake ya mlimani, katika Mathayo sura ya 5. Nilipopewa kazi hii nilitaka kuikataa, na sababu nitaisema wazi. Miaka mingi iliyopita nilikuwa kwenye matanga ya mtoto wa jirani yangu. Mhubiri mmoja akasimama, akamwambia yule mama asilie tena, kwa sababu Maandiko yanawahesabu wanaolia kuwa watu wa heri. Mama akamtazama kitambo, kisha akamwuliza, "Basi baba, mbona heri hiyo wewe huitaki?" Hakuna aliyecheka. Tangu siku ile, kila nikisikia Heri zinasomwa kwenye msiba, swali la mama yule hunijia kwanza.

Basi leo naomba tujaribu kumjibu.

Tuanze na neno lenyewe. Sisi tunaosema Kiswahili tunalo neno heri midomoni kutwa. Tukiachana twasema kwa heri. Tukiona mabaya mawili twasema heri nusu shari kuliko shari kamili. Wakatoliki nao humwita Mwenyeheri mtu ambaye Kanisa limekwisha kuuthibitisha utakatifu wake lakini bado hajatangazwa kuwa Mtakatifu. Warundi katika Biblia yao wanasoma hahirwa. Lakini ndugu zetu waliosomea Kifaransa wanakuta hapo neno lenye maana ya mtu mwenye furaha, na hapo ndipo taabu inapoanzia. Huwezi kumwendea mtu aliyefiwa ukamwambia kwamba ana furaha. Hata mtoto atajua kwamba ni uongo.

Palikuwa na mwanachuoni mmoja Myahudi, André Chouraqui, mzaliwa wa Algeria, aliyeitafsiri Biblia kwa Kifaransa. Yeye alisema kwamba nyuma ya Kigiriki cha Mathayo tusikie neno la Kiebrania, lile linalofungua Zaburi ya kwanza, na ndani ya neno hilo yeye alisikia hatua za miguu, mtu anayekwenda safari yake. Kwa hiyo hakuandika kwamba maskini wana furaha. Aliandika neno la kuwahimiza waendelee na mwendo. Wako wataalamu wasiokubaliana naye, na mimi Kiebrania sikijui. Lakini mimi ni mkimbizi, na mwendo naujua. Mwezi Juni 2004, baada ya vita kuwaka Bukavu, maelfu yetu tulivuka mpaka wa Kavimvira tukaingia Burundi, wengine na godoro kichwani, wengine na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Hatukupata nafasi ya kumwambia mtu kwa heri. Nilipoisikia tafsiri ya mzee huyo mara ya kwanza, nilisema moyoni: kumbe maneno haya hayakusemwa kwa watu waliokaa vitini.

Sasa nije Gatumba, kwani ndiyo iliyotukusanya.

Wengi wenu mnaijua habari kuliko mimi, lakini wako vijana waliozaliwa baadaye, na wako wageni. Kituo kile cha wakimbizi kilikuwa karibu na barabara ya Uvira, umbali wa kama kilomita 16 kutoka hapa Bujumbura, na mpaka wa Kongo uko karibu. Waliokaa pale walikuwa hasa Banyamulenge, pamoja na Wakongo wengine. Upande mwingine kulikuwa na mahema ya Warundi waliorejea kutoka Kongo. Usiku wa Ijumaa tarehe 13 Agosti 2004 wakaja watu wenye silaha, wakapiga risasi, wakachoma mahema ya Wakongo, na ya Warundi wakayaacha. Waliokufa walizidi 150, wengi wao wanawake na watoto, na waliojeruhiwa walizidi 100. Kambi ya askari haikuwa mbali, na hakuna msaada uliotoka huko kwa wakati. FNL ilitangaza yenyewe kwamba ndiyo iliyoshambulia.

Kuna jambo moja ambalo manusura walilisimulia na ambalo wahubiri wengi hulipita haraka. Washambuliaji walikuja na ngoma, na walikuwa wakiimba nyimbo za dini. Wako watu waliotoka mahemani wakidhani ni waumini wenzao.

Ndugu zangu, hili ndilo linalonikosesha usingizi kuhusu Heri. Heri ya mwisho inawahusu wanaoteswa kwa ajili ya haki. Niambieni, katika nchi zetu hizi ni nani asiyejihesabu humo? Mhutu aliyepoteza baba mwaka 1972 anajikuta humo. Mtutsi aliyepoteza nyumba nzima baada ya Rais Ndadaye kuuawa mwezi Oktoba 1993 anajikuta humo. Waliofukuzwa Kamenge na waliofukuzwa Ngagara, kila mmoja amesoma aya ile ile akasema ni sisi. Na sisi Wakongo vilevile. Kila mmoja ana haki ya kulia, sikatai. Lakini mtu akishaisoma Heri ile kana kwamba imeandikwa kwa kabila lake peke yake, ameigeuza bendera. Na nyuma ya bendera mtu anaweza kuimba haleluya huku ameshika bunduki. Sisemi hayo juu ya wale wa usiku ule tu. Nasema juu yangu pia, maana nimewahi kuketi katika maombi ambamo mtu aliombea adui zetu wapigwe, nami nikaitikia amina.

Yako mambo yaliyotokea hapa hapa Burundi ambayo yanasomeka kama jibu. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, ilishambuliwa. Washambuliaji waliingia katika bweni la vijana, wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana wakakataa. Wakaamriwa tena, wakakataa, wakabaki pamoja. Basi wakapigwa risasi na kutupiwa mabomu wakiwa wamechanganyika. Walikufa 40. Mkuu wa seminari wakati huo, Padre Zacharie Bukuru, aliokoka, akaandika kitabu juu yao. Mwaka 2019 Kanisa Katoliki la Burundi lilifungua rasmi kesi ya kuwaombea watangazwe Wenyeheri, wao pamoja na Padre Michel Kayoya aliyeuawa mwaka 1972, na wamisionari watatu, mapadre wawili na mwanamke mmoja mlei, waliouawa Buyengero mwaka 1995. Mimi si Mkatoliki, lakini kesi hiyo naifuatilia, kwa sababu katika orodha moja wamewekwa Mhutu na Mtutsi na Mwitalia, wa 1972 na wa miaka ya vita, nayo ni orodha moja ya wafu. Katika nchi hizi ambako kila upande una orodha yake na siku yake ya maombolezo, hilo si jambo dogo.

Tazameni vijana wale. Hawakuwa wapatanishi wa kuketi mezani. Mapatano ya Arusha yalikuja baadaye, Agosti 2000, na yalitiwa sahihi na wakubwa. Wao walikuwa watoto wa shule waliovaa nguo za kulalia. Hawakufanya hotuba. Walikataa kusogea hatua tano. Nadhani Yesu aliposema kuwa wenye moyo safi watamwona Mungu, hakuwa akisema juu ya watu wasiowahi kukosa. Moyo usio na vyumba viwili, kimoja cha wetu na kimoja cha wale, huo ndio safi.

Sasa nimrudie yule mama, maana sijamjibu.

Wanaoomboleza wameahidiwa faraja. Hawakuambiwa wanyamaze. Katika sura hiyo hiyo, aya mbili tu baadaye, wanatajwa watu wanaoitaka haki kama mtu anavyotaka chakula na maji. Anayehubiri ile ya kwanza na kuiruka hii ya pili anawadanganya wajane. FNL iliweka silaha chini ikawa chama cha siasa mwaka 2009. Amani ilipatikana kwa njia hiyo, na tulishukuru, kwani risasi zilipungua. Lakini ilipotimia miaka 20, mwaka 2024, manusura wa Gatumba walikuwa bado wanadai kesi isikilizwe. Kuna watu waliotuambia kwamba kudai ni kutokusamehe. Mimi sioni hivyo. Yesu aliwataja wenye rehema na wenye njaa ya haki wakifuatana, kama watu wa nyumba moja, wala hakusema mmoja amfukuze mwenzake. Naweza kumsamehe mtu na bado nikataka jina la mtoto wangu lisomwe mahakamani. Sandra Uwiringiyimana alikuwa na miaka 10 usiku ule, na mdogo wake wa miaka 6 aliuawa. Alipelekwa Marekani na wazazi wake, na mwaka 2017 alitoa kitabu chake juu ya mambo hayo, kikasomwa na watu wasiojua Gatumba iko wapi. Kilio chake kilitembea. Nadhani hiyo ni sehemu ya ile faraja, nayo haikushuka kutoka mbinguni peke yake.

Neno kidogo kwa wageni wetu wa HCR na mashirika mengine. Luka naye ana Heri zake, sura ya 6, lakini yeye anasema Yesu alikuwa amesimama mahali tambarare, kama hapa kwetu bonde la Rusizi. Na Luka hasemi maskini wa rohoni. Anasema maskini, basi. Anasema wenye njaa sasa. Kwa hiyo mgao ukipunguzwa, tafadhali asije mtu akatufundisha subira kwa kutumia Mathayo; atukute kwa Luka. Jambo la pili, Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unataka wakimbizi wakae mbali kiasi na mpaka wa nchi waliyoikimbia. Sisi wakimbizi ni wagumu, twapenda kukaa mahali tunapouona moshi wa nyumbani. Lakini baada ya Gatumba, mtumishi akituomba tuhame kutoka mpakani, aje mapema, aje na lori, na atueleze vizuri. Nasi wanakamati tuwasaidie watu kuelewa. Hiyo nayo ni kazi ya wapatanishi, ingawa haina sifa.

Juu ya wapole wanaoahidiwa nchi, nilitaka kusema mengi, lakini muda hautoshi na jua ni kali. Niseme hili tu. Katika Kiswahili nchi ni taifa na nchi ni ardhi. Mkimbizi amekosa zote mbili. Tumewaona Warundi waliorejea baada ya miaka 30 na zaidi wakakuta watu wengine wamekwisha kulima mashamba yao, wengine wakiwa na makaratasi ya serikali, nao pia wana watoto wa kulisha. Tume ya ardhi iliundwa mwaka 2006, ikalaumiwa na pande zote mbili. Siku moja nasi huenda tukarudi milimani kwetu tukamkuta mtu kwenye shamba. Siku hiyo ndipo tutakapojua kama tulikuwa wapole au tulikuwa wanyonge tu kwa kukosa nguvu. Ninaogopa siku hiyo kwa ajili yangu mwenyewe. Nina panga, na nina shamba la baba yangu ninalolijua hadi mti wa mwisho.

Mama yule aliuliza kwa nini mhubiri hakuitaka heri ile. Jibu langu ni kwamba heri ile haitakwi, wala hapewi mtu kwa mdomo wa mwingine aliyeshiba. Yesu aliisema akiwa hana pa kulaza kichwa, na baadaye akafa kwa mikono ya watu waliokuwa na sala zao. Ndiyo maana aliweza kuisema. Mimi nikija kwako msibani, nitakaa chini kwanza. Nikikaa siku tatu, nikachota maji, nikachimba kaburi, labda siku ya nne utaniruhusu nifungue Mathayo. Na usiponiruhusu, nitaendelea kuchota maji.

Sasa tutasoma majina. Ataanza mama mzee aliyeketi pale mbele, kisha vijana watapokezana. Mwenye jina la marehemu ambalo halimo katika daftari amwone mwandishi wa kamati kabla ya kuondoka, na amtajie pia umri na mahali pa kuzaliwa. Na kama mtu anataka kutaja marehemu asiye wa Gatumba, Mrundi au Mkongo, wa mwaka wowote, wa kabila lolote, alete jina hilo. Daftari lina kurasa za kutosha.