Mwenye Kiwanja Aarifiwe Kwanza
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, Suam)



Jambo tulilo nalo leo ni moja, nalo ni taarifa impasayo mwenye kiwanja kabla mali yake haijathaminiwa kwa ajili ya kodi.

Sote twaijua barabara ya Kitale, Endebess hadi Suam, kilomita 45, iliyotengenezwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika katika mradi uliokubaliwa mwaka 2017. Barabara huleta biashara, na biashara hupandisha bei ya ardhi. Hatuna kinyongo na hayo. Lakini bei ya ardhi ikipanda, mthamini naye hayuko mbali.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 209, imezipa serikali za kaunti uwezo wa kutoza kodi ya ardhi na majengo. Kodi hiyo yaweza kukadiriwa kwa thamani ya ardhi tupu, au kwa ardhi pamoja na majengo yaliyo juu yake. Aliyejenga vyumba vya kupangisha ataiona tofauti hiyo mfukoni mwake. Lakini kifungu cha 47 cha Katiba hiyo hiyo chaitaka serikali itende kwa haki na kwa utaratibu ulio sawa.

Chini ya sheria ya zamani ya uthamini, daftari liliwekwa wazi, tangazo likatolewa, na mwenye mali akapewa siku 28 za kuleta pingamizi. Mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria mpya mahali pa ile. Sheria hubadilika, haja ya kuarifiwa haibadiliki.

Tumfikirie mama mjane akaaye bondeni, asiyesoma Gazeti la Serikali. Siku zake za kupinga zitapita naye yumo shambani akipalilia mahindi. Deni la kodi hukaa juu ya ardhi yenyewe, na mwisho wake wanawe ndio watakaorithi deni pamoja na kiwanja. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo twaiomba serikali ya kaunti mambo matatu: tangazo lisomwe barazani na kubandikwa sokoni, kwa Kiswahili, kila mwenye kiwanja apelekewe barua, na aelezwe wazi jinsi kodi yake ilivyokadiriwa, na mahali pa kupeleka pingamizi.

Nasi pia tusijitoe lawamani. Viwanja vingi vyetu vingali vimeandikwa kwa majina ya babu zetu waliokwisha kufariki. Je, barua hiyo atapelekewa nani? Kila mmoja wetu na aende katika ofisi ya ardhi, Kitale, akasahihishe jina na anwani yake.

Kulipa kodi hatukatai. Twataka kuulizwa kabla ya kuhesabiwa.