Jingdezhen, Mji wa Kauri, na Mtumishi Aliyejifunza Kazi



Katika miji mingi ya Uchina nimeuchagua Jingdezhen kwa sababu mbili. Ya kwanza, kazi ya mikono ya Uchina, na ya mji huo hasa, imefika pwani yetu tangu zamani. Ya pili, katika habari zake mna fundisho litupasalo sisi tushikao kalamu na daftari.

Mji huo uko katika jimbo la Jiangxi, kusini ya mto mkuu wa Yangtze, mbali na bahari. Umezungukwa na vilima vyenye misonobari, na mto Chang wapita hapo ukishuka mpaka ziwa la Poyang, ambalo maji yake huingia Yangtze. Vilima vilitoa jiwe la kusagwa, udongo mweupe na kuni za tanuri. Mto uliendesha vinu vya kutwangia mawe, kisha ukachukua vyombo kwa mashua mpaka masoko ya mbali. Udongo ule mweupe huitwa kaolini, kwa jina la kijiji cha Gaoling kilicho karibu. Unga wa jiwe peke yake hulegea katika moto mkali, bali ukichanganywa na kaolini hustahimili joto lipatalo digrii 1,300, na hapo hutoka kauri: nyeupe, ngumu, ikigongwa hulia kama kengele.

Hapo kale mji uliitwa Changnan. Mwaka 1004 Mfalme Zhenzong aliupa jina la enzi yake, Jingde. Mwaka 1278 serikali ya Wamongoli iliweka huko ofisi ya kuangalia kauri, na baadaye wafalme wa Ming wakajenga matanuri yao wenyewe. Kwa rangi ya kobalti, ambayo zamani ililetwa kutoka Uajemi, mafundi walichora maua na majoka ya buluu juu ya weupe. Vyombo hivyo vilienea duniani. Kwetu, vyombo vya Kichina vimechimbuliwa Gedi na Kilwa, na katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi mabakuli ya Kichina yalipachikwa ukutani yawe pambo la marehemu.

Lakini nani aliyevifanya? Padre Mfaransa François Xavier d'Entrecolles, aliyeandika barua juu ya mji huo mwaka 1712, alisema chombo kimoja hupita katika mikono ya watu 70. Mmoja hufinyanga, mwingine huchonga, mwingine huchora mstari wa ukingo tu maisha yake yote, na mwingine hutazama moto. Kosa la mmoja huharibu kazi ya wote.

Sasa nawaletea watu wawili. Karibu na mwaka 1599 mfalme alitaka mitungi mikubwa yenye picha za majoka, na towashi mmoja, Pan Xiang, akatumwa kuisimamia. Mitungi ilipasuka motoni mara kwa mara. Yeye hakuuliza kwa nini. Alihesabu tu iliyopungua, na mafundi wakapigwa na kukaa na njaa. Husimuliwa ya kuwa fundi mmoja, Tong Bin, alipoona mateso ya wenziwe, alijitupa ndani ya tanuri. Kulipopambazuka mitungi ilionekana imeiva salama. Mafundi walifanya ghasia, kisha Tong Bin akajengewa hekalu, akaheshimiwa kama mlinzi wa moto.

Wa pili ni Tang Ying. Mwaka 1728 alitumwa kutoka ikulu awe msaidizi wa matanuri ya mfalme. Umri wake ulikuwa umepita miaka 40, naye hakujua kitu katika ufinyanzi. Aliandika mwenyewe ya kuwa alifunga mlango, akaacha kutembeleana na wakubwa, akala na kulala pamoja na mafundi kwa miaka mitatu, hata akajua udongo, rangi na moto. Baada ya hapo ndipo alipoweza kuamuru pasipo kubahatisha. Mwaka 1743, kwa amri ya mfalme, aliandika maelezo ya picha 20 zionyeshazo kazi hiyo hatua kwa hatua. Tena aliandika maisha ya Tong Bin, na mtungi mmoja wa majoka wenye kasoro, uliokuwa umetupwa, akauweka kwa heshima penye hekalu la fundi yule.

Mji umepata misukosuko tangu hapo. Katika vita vya Taiping, baada ya mwaka 1850, matanuri yaliharibiwa. Baada ya mwaka 1949 serikali ilianzisha viwanda vikubwa vya kauri, lakini katika miaka ya 1990 vingi vilifungwa, na maelfu wakakosa kazi. Wengine walirudi kwenye karakana ndogo, na leo vijana kutoka pande nyingi huenda kujifunza huko. Mwaka 2014 UNESCO iliutia mji katika orodha yake ya miji ya ubunifu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020, mji pamoja na wilaya zake ulikuwa na watu zaidi ya 1,600,000. Licha ya kauri, helikopta pia hutengenezwa huko.

Ndugu zangu, Pan Xiang na Tang Ying walikuwa watumishi wa kiti kimoja, na wote wawili walipeleka hesabu kwa mfalme. Tofauti ni kwamba mmoja aliijua kazi iliyo nyuma ya tarakimu, na mwingine hakuijua. Sisi nasi twaandika magunia bila kuyabeba, na siku za kazi za watu tusiowaona. Tarakimu ikipungua, ni rahisi kuandika neno "uvivu" pembeni ya jina la mtu, na neno hilo laweza kumnyima mshahara wake. Basi kabla ya kuliandika, na tuondoke mezani, twende tukaulize ni nini kilichopasuka, na kwa nini.