Nani Hupunguza Mpaka wa Msitu?

Nchini Kenya, mito ya Njoro, Makalia na Nderit huteremka kutoka msitu wa Mau ya Mashariki na kuingia Ziwa Nakuru. Maji ni yale yale, lakini kwa miaka mingi yalikuwa na walinzi wawili. Ziwani palikuwa na mbuga iliyotangazwa mwaka 1968, ambamo mwaka 1987 vifaru walianza kutengewa hifadhi yenye ua wa umeme. Juu milimani alikuwapo ofisa wa Idara ya Misitu. Ukifuata historia ya walinzi hawa utaona kwamba nguvu ya chombo cha hifadhi imo katika kifungu kimoja cha sheria: kile kinachosema nani anaweza kupunguza eneo linalolindwa.

Mbuga zilianza chini ya bodi ya wadhamini, kwa sheria ya 1945. Mwaka 1976 sheria mpya ikazitia katika idara ya wizara. Ujangili ukashamiri, hata ndovu waliokadiriwa kuzidi 160,000 mapema miaka ya sabini wakabaki kama 16,000 kufikia 1989, mwaka ambao Bunge lilipitisha sheria ya kuunda KWS, shirika la wanyamapori lenye bodi yake. Hata hivyo sheria ya 1976 ilikuwa na jambo moja jema: mbuga haikuweza kufutwa bila azimio la Bunge. Msitu haukuwa na kinga hiyo. Waziri alichapisha kusudio lake katika Gazeti Rasmi la Serikali, akasubiri siku 28, basi. Ndivyo mwaka 2001 zilivyomegwa takriban hekta 67,000 za misitu nchini, zaidi ya nusu yake Mau ya Mashariki. Kule chini ua uliendelea kuwalinda vifaru. Chanzo cha maji yao kilikuwa kikigawanywa kwa kalamu.

Sheria ya Misitu ya 2005 iliunda KFS, shirika la misitu, na kupeleka uamuzi wa mipaka Bungeni. Wapo watakaosema haikusaidia kitu, kwani mwaka 2018 jopo la serikali liliituhumu KFS yenyewe kwa ufisadi. Tuhuma hizo ni nzito. Lakini mwizi wa mbao hushtakiwa na mti hupandwa tena. Ardhi iliyokwisha kutolewa hatimiliki hairudi kirahisi. Pingamizi la Waogiek, wenyeji wa msitu wa Mau, lina uzito zaidi, maana hifadhi ndiyo iliyotajwa kuwa sababu walipoamriwa kuondoka Mau mwaka 2009. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilikataa sababu hiyo tarehe 26 Mei 2017, na miongoni mwa vyanzo vya uharibifu ikataja umegaji uliofanywa na serikali yenyewe. Hukumu hiyo inalaumu kalamu ile ile ya waziri.

Gazeti Rasmi hutoka kila Ijumaa, msikilizaji. Lisome.