Neno Linapochoma Katika Mchezo

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia, Turbo)



Hapa kwetu Turbo mkutano bila wimbo au mchezo hauvuti watu. Lakini msanii akichomeka siasa tusiyoipenda, tufanyeje?

Tuanze na kosa letu sisi. Katika sherehe ya kikundi kimoja, kijana mchekeshaji alisema ati nguo ikifuliwa vizuri, madoadoa hutoka. Wengine walicheka. Akina mama watatu waliinuka, wakabeba viti vyao, wakaenda. Sisi tuliokaa mbele tulinyamaza, tukaomba chai iletwe. Mwezi uliofuata hao watatu hawakuleta mchango wa mzunguko.

Neno hilo hapa si mzaha. Lilitumika wakati wa mapigano ya 1992, likarudi 2007. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa watu wakiwa ndani. Aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni atachekaje?

Lakini jameni, tusichanganye mambo. Kijana akiigiza mheshimiwa anayekula pesa za barabara, anamuuma mkubwa. Hamfukuzi jirani kwake. Wasichana wa shule ya Butere, kule Kakamega, mchezo wao "Shackles of Doom" ulipigwa marufuku 2013, Mahakama Kuu ikaruhusu uigizwe. Aprili 2025, huko Nakuru, wenzao walioandaa "Echoes of War" waliimba wimbo wa taifa wakashuka bila kuigiza, na polisi walirusha gesi ya machozi. Kwa mchezo wa watoto wa shule, kweli! Kiongozi aliyechomwa angoje mchezo uishe, aombe nafasi, ajibu.

La kabila ni lingine. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inamgusa hata anayeongoza mchezo kwa nia ya kuchochea chuki: faini hadi shilingi milioni moja, au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Lakini kabla ya korti tuko sisi. Mwenye kuongoza sherehe asimame palepale aseme, "Kijana wetu, neno hilo hapa hatulitaki." Asizomewe, asitupiwe mawe. Na jioni hiyo hiyo twende kwa waliotoka, tusingoje mkutano.

Sisi tulikwenda baada ya majuma matano. Wawili wamerudi. Wa tatu alitupa chai, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba tumletee akiba yake nyumbani.